Namna Bora ya Kuangusha Ndege Arusha

Kila ndege ya rimoti iliyowahi kuruka Arusha imeanguka, au siku yake bado. Tofauti iko hapa tu: nyingine huanguka zikiwa zimeshampa mwenyewe raha ya msimu mzima, na nyingine huanguka sekunde ya nne, shemeji akiwa anarekodi. Mwongozo huu ni wa kundi la pili. Umeandikwa kwa ajili ya wale ndugu zetu wanaotoka soko la Kilombero na kipande cha stairofomu kwapani, wakiamini kwamba video mbili tatu za kwenye simu zimeshawafanya marubani. Tutawashika mkono hadi chini. Njiani tutalazimika kutaja na namna ya kubaki juu, kwa sababu ndege isiyopanda haiwezi kuanguka kwa heshima.

Vya dukani na vya jalalani

Kosa la kwanza, na linamfaa sana anayetaka kufilisika mapema, ni kudharau vya nyumbani. Agiza mbao za balsa. Mti huo kwa sehemu kubwa hutoka Ekwado, Amerika ya Kusini, kwa hiyo utapata muda wa kutosha wa kuusubiri mzigo, kuuulizia mzigo na kuulipia mzigo mara ya pili. Mzigo ukifika utakuta fito tatu zimevunjika, na zilizo nzima utaogopa kuzikata.

Asiye na haraka ya hasara hupita kwa mafundi wa mabango. Kila baada ya harusi na mahafali mjini hubaki ule ubao mweupe, mwepesi, wa milimita tano, povu katikati na utando laini juu, uliobeba picha ya maharusi mlangoni mwa ukumbi. Jumamosi unapigwa picha na kila mgeni. Jumatatu hauna kazi. Ukiomba kwa adabu utapewa bure. Ubao mmoja mkubwa unatoa mwili, mkia na bawa la mita moja, na chenji inabaki kwa ajili ya viraka. Ndege ya namna hiyo ikikata kona juu ya kichwa chako utamwona bwana harusi chini ya bawa la kushoto na bibi harusi chini ya la kulia. Ikianguka vibaya wanaachana.

Anayecheka povu aambiwe habari za Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha za ramani kwa ndege ndogo za eBee kutoka Uswisi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Mwili wa eBee ni povu. Hakuna aliyeziita vichezeo.

Lakini ubao peke yake hukunjika. Bawa linataka uti wa mgongo, na uti huo umelala nyuma ya mlango wako: mwavuli uliovunjwa na masika. Miavuli mingi ya siku hizi ina mbavu za faiba, nyembamba, ngumu, zinazopinda na kurudi. Chana mfereji mwembamba chini ya bawa, laza ubavu mmoja kushoto hadi kulia, ziba kwa selotepu. Vijiti vya mishikaki vipitishe mwilini kwa upande, viwili mbele na viwili nyuma, ncha zikitokeza, kisha lifunge bawa juu yake kwa vipande vya mpira wa tyubu, ule wa manati. Usiligandishe bawa kwa gundi. Bawa lililofungwa kwa mpira likigonga mti wa kahawa hufyatuka, likaanguka kando, ukaliokota. Lililogandishwa huvunjika na kuvunja na kiuno cha ndege.

Magurudumu ni yeboyebo. Noa mdomo wa kopo tupu la nyanya, gandamiza kwenye soli huku unazungusha, na gurudumu limetoka. Soli iliyobaki kata kipande cha pua, kwa sababu pua ndiyo hufika ardhini kwanza. Miguu ya kushikilia magurudumu ni spoki, na kwa spoki huna budi kwenda kwa fundi baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Sikuja na baiskeli, mzee wangu. Naomba spoki mbili."

"Za mbele au za nyuma?"

"Za ndege."

Hapo atakuuzia kwa bei ya ndege. Sema za nyuma.

Zamani watoto walivalisha tiara kwa mfuko wa rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, kwa hiyo bawa livalishe selotepu pana ya kufungia mizigo, ukingo wa mbele tu na chini ya tumbo. Anayeifunika ndege yote ili ing'ae amefunga mzigo kweli.

Gundi

Nunua supagluu. Iko kila duka la Mangi na inakausha haraka. Kisha chukua kipande chembamba cha boksi jeupe la samaki, lile la chembechembe, udondoshe tone moja. Kwa sekunde kadhaa halifanyi kitu, linang'aa tu. Halafu linaanza kuzama. Chembe za pembeni zinasinyaa moja baada ya nyingine, harufu inapanda na kuwasha macho, na ukichungulia unaiona meza upande wa pili. Sasa fikiria tone hilo likiwa kwenye maungio ya bawa na mwili, mahali ambapo uzito wote wa ndege huning'inia.

Gundi ya viatu, ile ya njano ya kwenye kopo, ina tabia hiyohiyo. Rangi ya kupulizia vilevile; vijana wengi wameiua ndege kwa kuipamba. Inayofaa ni gundi nyeupe ya maseremala, na kasoro yake ni moja: inadai ulale. Paka jioni, bana kwa vibanio vya nguo, iache hadi kesho. Chalii wa Arusha ana sifa nyingi, lakini hii ya kuacha kitu hadi kesho tusimsingizie. Kwa mwenye haraka kuna gundi ya moto, ile ya vijiti. Dondosha, hesabu moja mbili tatu ipoe kidogo, ndipo ubandike, la sivyo nayo inayeyusha povu. Na ni nzito. Kila kijiti unachokimalizia mkiani kitakuja kukudai uzito mwingine puani.

Hilo la uzito ndilo linaloangusha wengi, na halihitaji hela kulirekebisha. Weka ncha za vidole viwili chini ya bawa, kimoja kila upande wa mwili, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Inyanyue, betri ikiwa ndani. Ikilala sawa au pua ikiinama kidogo, uko salama. Mkia ukishuka, usithubutu. Ndege nzito mkiani hupanda vizuri sana, hupanda kuliko ulivyotaka, husimama angani, kisha hurudi kwa mgongo. Sogeza betri mbele kwanza. Betri ikigoma kufika, ndipo ubandike sarafu puani. Unaweza kuanza na za hamsini. Ukijikuta umefika kwenye mia tano ya tatu, jua kwamba tatizo liko kwenye gundi ya mkiani.

Hewa ya mjini kwetu

Mchoro ulioupakua umechorwa na mtu wa pwani ya mbali, na ndege ya kwenye video imeruka kando ya bahari. Uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Mbuga unayoitafuta wewe huenda iko juu zaidi, maana kila ukipanda barabara kuelekea Ngaramtoni unaukaribia Meru. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Wewe hulisikii hilo, umezaliwa nalo. Ndege inalisikia. Bawa lilelile na mzigo uleule vinataka kasi kubwa zaidi ili visidondoke, kama asilimia 8 hivi, na propela ileile ikizunguka vilevile inasukuma hewa pungufu. Ndiyo sababu ndege iliyotulia mikononi mwa binamu yako wa Tanga, ikija likizo Arusha, inakimbia wakati wa kutua na kupitiliza uwanja hadi kwenye migomba.

Dawa ni mbili. Punguza uzito, au ongeza bawa: sentimita tano kila upande zinatosha kubadili tabia. Wengi hukimbilia dawa ya tatu, propela kubwa. Inasaidia, lakini mota inayozungusha propela kubwa hula umeme zaidi, na hewa hii nyepesi haipozi vizuri. Ruka dakika mbili, tua, weka kidole kwenye mota. Ukiweza kukiacha hapo, sawa. Ukikirudisha haraka, propela nayo irudishe.

Halafu saa. Mwenye nia ya kuangusha aje saa nane mchana. Kwenye uwanda wa Kisongo jua likishachemsha ardhi, vinanyanyuka vile vimbunga vya vumbi vyekundu vinavyotembea vyenyewe, na kimoja kikipita chini ya ndege ya gramu mia sita, rimoti inabaki pambo. Upande wa Meru nako upepo hushuka na kugeuka mabondeni bila taarifa. Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, nyasi zikiwa bado na umande. Juni na Julai wingu la mlimani hukaa hadi mchana, na wengine hulichukia. Mimi naona ndiyo miezi bora ya mwaka, kwa kuwa ardhi isiyopata jua haitupi hewa juu. Baridi yake inapunguza nguvu za betri tu. Tembea nayo ndani ya koti, mwilini, mpaka dakika ya kuichomeka.

Mjerumani wa Momella

Hapa nitoke njiani kidogo. Mwaka 1962 ilitoka filamu iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, John Wayne akikimbiza wanyama na lori katika Tanganyika. Makazi ya wawindaji wa kwenye filamu ni Momella, chini ya Meru. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mahali hapo kiasi cha kununua shamba na kuishi hapo kwa miaka. Mwaka 1965 Krüger huyohuyo akaonekana katika The Flight of the Phoenix. Ndege ya mizigo imeanguka Sahara, maji yanakwisha, na abiria mmoja mwenye miwani anasema anaweza kuyasuka mabaki yakawa ndege nyingine. Wanamtii. Wanakata vyuma usiku. Kazi ikiwa imeshafika mbali ndipo inajulikana kwamba mhandisi huyo hajawahi kubuni ndege ya kubeba watu maisha yake yote. Kampuni yake inatengeneza ndege za kuchezea.

Hasira ya rubani wao naielewa. Lakini hoja ya mhandisi haijibiki: kanuni ni zilezile, na ndege ndogo inahitaji utulivu zaidi, kwa kuwa hakuna mtu ndani wa kuhisi inapoanza kuyumba. Mtu wa Arusha aichukue hoja hiyo mezani. Bawa lisiwe bapa. Likate katikati, liunge upya huku nusu moja imelala mezani na ncha ya nusu nyingine imenyanyuka sentimita nane hadi kumi, ili likitazamwa kwa mbele liwe limekunjuka juu. Ndege yenye bawa hilo ukiiachia fimbo za rimoti hujirudisha yenyewe. Vijana wanaona haipendezi, wanataka bawa nyoofu la ndege za vita. Basi sawa.

Filamu ile nayo ilidai malipo. Rubani Paul Mantz alifariki Julai 1965 akirusha ndege halisi iliyojengwa kwa ajili ya kupigwa picha hizo.

Pa kurushia

Uwanja mzuri kuliko yote Arusha, tambarare, wazi, usio na nyaya, uko Kisongo. Ndiyo maana Serikali iliuona mapema ikaweka kiwanja cha ndege. Kuanzia asubuhi Cessna Caravan za watalii zinapokezana kwenda Seronera na kurudi, na hakuna rubani mwenye abiria kumi na mbili atakayefurahi kukutana na bwana harusi wa stairofomu. Basi songa mbele, elekea Monduli: huko kuna Chuo cha Kijeshi. Geuka kusini, Oljoro: JKT. Nenda mashariki: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako kitu chochote kinachoruka bila kibali ni kesi, na ukiivuka unakutana na Uwanja wa Kilimanjaro. Kaskazini kuna mlima wa mita 4,566. Aliyeupanga mkoa huu hakutufikiria.

Kinachobaki ni viwanja vya shule siku za Jumamosi na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu au mwenye shamba, na kwa kibali. Kanuni za ndege zisizo na rubani zilitoka mwaka 2018, ofisi inayohusika ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kusema "hiki ni kichezeo tu" hakukuondolei safari ya kwenda kuuliza. Mpitie na mwenyekiti wa mtaa. Yeye hana mamlaka ya anga, lakini simu ya kwanza ikipigwa, inapigwa kwake.

Anga lenyewe nalo lina wenyewe. Mwewe wa Arusha hapendi mgeni, na bawa la mita moja kwake ni mgeni wa kuonywa. Usimfukuze kwa ndege ili upate video. Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake kwa ndege ya Dornier iliyopakwa milia ya punda, alikufa baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi. Kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Mwewe akija, tua, kunywa chai, rudi akishaondoka.

Watazamaji

Hawaalikwi, wanakuwepo. Wa kwanza ni watoto, na watoto hawana neno mpaka ndege iguse ardhi, kwa sababu hapo huanza mbio, na wa kwanza kufika huikanyaga. Mteue mmoja, mkubwa, awe msimamizi wa uwanja. Mpe filimbi kama unayo. Cheo hicho kitaokoa mkia.

Wa pili ni mwenye bodaboda, ambaye atakuambia uongeze moto. Wa tatu atauliza kama inarekodi, na jibu lolote utakalotoa ataamini kinyume chake. Wa nne atauliza kama wewe ndiye yule wa helikopta, maana mwaka 2016 habari zilisambaa za helikopta ya watu wawili iliyokuwa inajengwa Chuo cha Ufundi Arusha. Kisha atakuja mzee na fimbo yake, mbuzi wakimfuata, atasimama mguu mmoja na kutazama kimya mizunguko mitatu.

"Inabeba nini?"

"Haibebi kitu, babu."

"Inarudi na nini?"

"Inarudi yenyewe tu."

"Sasa ulikuwa umeituma wapi?"

Usijaribu kujibu. Vijana wengi wameangusha ndege wakiwa wanaeleza. Macho yakitoka angani sekunde tatu hujui tena kama inakuja au inakwenda, na hapo ndipo mkono wa kulia unageuka kuwa wa kushoto. Kwa janga hilo kuna dawa rahisi: ndege ikikujia usoni, sukuma fimbo upande wa bawa lililoinama, usifikirie kulia wala kushoto. Bawa litanyanyuka. Lifanyie mazoezi ukiwa umekaa kitandani, ndege haimo.

Na kabla ya kuruka, hata kama watu wamejaa, simama nyuma ya ndege usogeze kila fimbo. Usukani wa mkia uende ulikoelekeza. Sevo, kile kimota kidogo kinachovuta usukani, ikigeuzwa haionekani mezani. Inaonekana mita tano juu. Kisha weka rimoti katika hali ya nguvu ndogo, kama inayo, utembee hatua thelathini huku mwenzako anaangalia mkia kama bado unatii. Mengi yanayoitwa ushirikina kwenye mchezo huu ni antena iliyokunjwa chini ya betri.

Betri

Hapa mzaha upungue. Betri ya lithiamu ya seli tatu ikijaa ni volti 12.6, yaani 4.2 kila seli, na ukiishusha chini ya 3.3 kwa seli umeianzishia ugonjwa. Ikichaji usiiache ukaenda sokoni. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chaja ya bei rahisi haijui ilikuwa imefika wapi. Ichajie ndani ya chungu kilichowekewa mchanga, mbali na pazia na mbali na godoro, nawe uwepo. Usipoirusha wiki hiyo, iweke kwenye volti 3.8 hivi kwa seli. Iliyojaa ikikaa, inazeeka, na iliyokauka ikikaa, inakufa. Ikivimba kama andazi, imekwisha, hata kama bado inazungusha mota. Usiitupe kwenye taka za uani zinazochomwa jioni. Betri hiyo ndani ya moto hulipuka, na anayechoma taka kwa kawaida ni mama au mtoto.

Waya nene za betri usimpelekee fundi simu. Ni fundi mzuri, ila chuma chake cha kulehemu ni cha nyuzi za simu. Risasi itakaa juu ya waya bila kushika, itaonekana safi, na itaachia angani. Mtafute fundi redio wa zamani mwenye chuma kinene.

Na propela itoe kila unapofanya majaribio mezani. Mota ya kawaida ya ndege ya mita moja inaweza kupita mizunguko elfu kumi kwa dakika ikiwa haina mzigo. Mkono ukigusa fimbo, vidole havioti tena. Propela iliyopasuka haiungwi. Tupa. Iliyo nzima iweke kwenye msumari uliolala: upande unaoshuka ni mzito, bandika kipande cha selotepu upande wa pili hadi zitulie. Nusu ya mtikisiko unaolegeza skrubu zako unaishia hapo.

Baada ya kuanguka

Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, na mchanga wake mweusi una chembe za chuma. Burura sumaku kwenye mfereji baada ya mvua, utaona. Sasa ndani ya mota ya ndege kuna sumaku, na ndege yako imechomeka pua ardhini. Ukiiokota ukairusha tena papo hapo kuwaonyesha watu kwamba haijaumia, utasikia sauti ya kukwaruza, na sauti hiyo ndiyo mota inajisaga. Nyumbani ifungue, kunja selotepu gundi ikiwa nje, ipitishe kwenye sumaku, rudia na kipande kipya mpaka kitoke kisafi. Kupuliza kwa mdomo hakusaidii, chembe zinahama tu. Maji usiguse.

Viraka weka siku hiyohiyo. Ufa mdogo wa ukingo wa bawa ukiachwa hadi wiki ijayo husahaulika, na ukisahaulika hukumbukwa juu. Mbavu za mwavuli zipapase kwa kucha kuona kama kuna iliyochanika ndani ya selotepu. Fimbo za kuvutia usukani, zile za vijiti vya mishikaki zenye klipu za karatasi nchani, zibadilishe zikianza kulegea; kijiti ni bei ya pipi.

Halafu liko suala la mahali ilipoangukia. Karibu kila mara ni katikati ya mahindi ya mtu, na kosa la mwisho la asiyejihadhari ni kuingia tu. Umeiona nyeupe pale, hatua arobaini ndani, unakimbia, unavunja mistari mitatu kwenda na mitatu kurudi, na wenzako watano nyuma yako. Zunguka. Tafuta nyumba, piga hodi, toa shikamoo, eleza, omba uingie peke yako kwa kufuata mfereji. Ukivunja hata bua moja, lilipe hapohapo bila kubishana bei. Bua la mahindi ni rahisi kuliko sevo, na Jumamosi ijayo utaangukia palepale.